NYUMBA YA KAISARI AUGUSTUS NA WARITHI WAKE

Kila mwaka, usiku wa Noeli, twalisikia jina la Kaisari Augustus likisomwa kanisani. Injili yatuambia kwamba ndiye aliyetoa amri watu waandikwe, na kwa ajili ya amri hiyo Yosefu na Maria walifunga safari kwenda Betlehemu. Mtawala huyo alipenda sana hesabu ya watu. Raia wa Roma peke yao aliwahesabu mara tatu: mwaka 28 kabla ya Kristo walipatikana 4,063,000, na katika mwaka aliokufa yeye, mwaka 14 baada ya Kristo, walipatikana 4,937,000. Jina lake twalijua tangu utoto. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza: mtu huyu aliyezihesabu nyumba za wengine, nyumba yake mwenyewe ilikuwaje? Mke wake alikuwa nani? Alizaa watoto? Na kiti chake alikirithi nani?

Tumeona vema kuyaeleza mambo hayo leo, kwani ndani yake yamo mafundisho kwa kila mzazi. Katika serikali Augustus alifaulu karibu katika kila jambo aliloliazimia. Katika nyumba yake alishindwa, tena alishindwa mahali pale pale alipotumia amri nyingi kuliko pengine pote.

Kijana aliyerithi jina

Alizaliwa Roma tarehe 23 Septemba mwaka 63 K.K., akaitwa Gaius Octavius. Baba yake alikufa yeye akiwa na umri wa miaka minne. Mama yake, Atia, alikuwa binti wa dada yake Julius Caesar, jemadari mkuu wa Roma. Caesar alipouawa tarehe 15 Machi mwaka 44 K.K., wasia wake ulifunguliwa, nayo ikaonekana kwamba amemfanya Octavius kuwa mwanawe na mrithi wake. Kijana huyo alikuwa na umri wa miaka 18 tu.

Hapa yafaa tueleze desturi moja ya Warumi, maana pasipo kuielewa habari yote itakuwa giza. Kwa sheria ya Roma mtu aliweza kumtwaa mtoto wa mwingine, hata mtu mzima mwenye ndevu, akamfanya mwana wake kabisa. Tangu siku hiyo mtu huyo alichukua jina la baba mpya, akaingia chini ya mamlaka yake, akapata haki ya kumrithi sawasawa na mtoto wa kuzaliwa. Wakuu waliokosa wana waliitumia sana njia hiyo. Ndivyo Octavius alivyolipata jina la Caesar, na jina hilo ndilo lililowavuta askari wamfuate.

Baada ya vita vingi vya wenyewe kwa wenyewe, aliwashinda Marcus Antonius na Malkia Cleopatra wa Misri huko Actium, mwaka 31 K.K. Mwaka 27 K.K. Baraza la Wazee, yaani Seneti, likampa jina la heshima, Augustus. Hata hivyo, mbele ya sheria hakuwa mfalme. Warumi walilichukia neno mfalme, naye alijihadhari asijiite hivyo. Kwa hiyo mamlaka yake hayakuweza kuandikwa katika wasia kama shamba au kama mifugo. Kama angekufa bila kuacha mtu aliyekwisha kuzoewa na askari na raia, vita vingerudi. Alihitaji mwana, wala hakuwa naye. Taabu yote ya nyumba yake yatoka hapo.

Wake zake na binti yake

Katika ujana wake Augustus alioa na kuacha kwa kufuata faida ya siasa, kama walivyofanya wakuu wengi wa Roma. Clodia, binti wa kambo wa Antonius, alirudishwa kwa mama yake kabla hawajakaa kama mume na mke. Kisha akamwoa Scribonia, kwa kutaka urafiki na Sextus Pompeius aliyekuwa na merikebu nyingi za vita. Mwaka 39 K.K. Scribonia alimzalia mtoto wa kike, Julia. Siku ile ile aliyozaliwa mtoto, mama alipewa talaka. Julia ndiye mtoto pekee wa Augustus aliyepata kukua.

Tarehe 17 Januari mwaka 38 K.K. alimwoa Livia Drusilla. Mwanamke huyo alikuwa na mwana mdogo, Tiberius, tena alikuwa na mimba ya mume wake wa kwanza, ambaye alimwachilia aolewe na mkuu huyo. Mtoto wa pili, Drusus, alizaliwa miezi mitatu tu baada ya ndoa hiyo mpya. Augustus na Livia walikaa pamoja zaidi ya miaka 50 mpaka kifo kilipowatenga. Lakini mtoto mmoja tu walimpata, naye alizaliwa kabla ya wakati wake akafa.

Katika jamaa hiyo alikuwamo mwanamke mmoja anayestahili kukumbukwa kwa heshima: Octavia, dada yake Augustus. Naye aliozwa kwa Antonius ili kutia muhuri mapatano ya siasa, na Antonius akamwacha kwa ajili ya Cleopatra. Baada ya Antonius na Cleopatra kufa, Octavia aliwachukua watoto wa mwanamke yule yule aliyemnyang'anya mume, akawalea nyumbani mwake pamoja na wake mwenyewe. Hakuna sheria iliyomlazimisha kufanya hivyo.

Binti aliyeozwa mara tatu

Basi Augustus alikuwa na binti mmoja, na kwa binti huyo alitaka kujipatia warithi. Julia akiwa bado mtoto wa miaka miwili alikwisha kuahidiwa kwa Antyllus, mwana wa Antonius. Urafiki wa baba zao ulipovunjika, uchumba nao ukavunjika, na mwaka 30 K.K. kijana huyo aliuawa kwa amri ya Augustus.

Mwaka 25 K.K. Julia, mwenye umri wa miaka 14, aliozwa kwa Marcellus, mwana wa Octavia. Watu wote walidhani kwamba kijana huyo ndiye atakayerithi. Lakini mwaka 23 K.K. Marcellus aliugua akafa, akiwa na miaka 19 hivi. Augustus alikuwa ameanza kujenga kaburi kubwa la jamaa yake kando ya mto Tiber. Mpwa wake huyo kijana ndiye aliyetangulia kuwekwa humo.

Mwaka 21 K.K. mjane huyo aliozwa tena, safari hii kwa Agrippa, jemadari na rafiki wa baba yake, tena rika la baba yake. Agrippa alikuwa na mke, naye alikuwa binti wa Octavia. Haikuwa kitu: aliambiwa amwache, akamwacha. Julia alimzalia Agrippa watoto watano: Gaius, Julia mdogo, Lucius, Agrippina, na wa mwisho aliyezaliwa baada ya baba yake kufa, akaitwa Agrippa Postumus. Mwaka 17 K.K. Augustus aliwatwaa Gaius na Lucius, akawafanya wanawe mwenyewe. Kwa desturi ya kale aliwanunua kwa baba yao, kwa mizani na sarafu ya shaba, kama ishara mbele ya mashahidi. Lucius alikuwa angali mchanga.

Tusimnyime Augustus haki yake. Wajukuu hao aliwapenda kweli. Aliwafundisha mwenyewe kusoma, akawazoeza hata kuiga mwandiko wa mkono wake. Hakula chakula cha jioni pasipo wao kuketi karibu naye, wala hakusafiri pasipo wao kuwa mbele au kando ya gari lake. Mtawala mwenye shughuli za nusu ya dunia alipata nafasi ya kukaa na watoto, na baba wengi wenye shughuli chache kuliko zake hawaipati nafasi hiyo. Binti yake na wajukuu wake wa kike aliwafundisha kusokota sufu, naye mwenyewe alivaa nguo zilizofumwa nyumbani mwake. Ila aliwakataza wasiseme wala kutenda neno lolote lisiloweza kuandikwa waziwazi katika kitabu cha habari za kila siku za nyumba. Hivyo nyumba ikawa kama ofisi, na binti akaishi mbele ya karani.

Agrippa alikufa mwaka 12 K.K. Wajukuu walikuwa bado wadogo, na Augustus akataka mtu wa kuwalinda. Akamtazama Tiberius, mwana wa Livia. Huyu alikuwa amemwoa Vipsania, binti wa Agrippa, akampenda sana. Walikuwa na mwana mmoja, na mke alikuwa na mimba. Tiberius aliamriwa amwache Vipsania amwoe Julia. Alitii, na mwaka 11 K.K. harusi ikafanyika. Yasemwa kwamba siku moja baadaye alimwona Vipsania njiani, akamfuata kwa macho yaliyojaa machozi. Tangu hapo watu waliangalia sana asimwone tena. Ndoa iliyoanza kwa machozi ya namna hiyo haikudumu. Mtoto wao mmoja alikufa mchanga, nao wakatengana. Mwaka 6 K.K. Tiberius aliacha kazi zote na mke pia, akaenda kukaa katika kisiwa cha Rhodes.

Mtunga sheria na nyumba yake

Wakati huo huo Augustus alikuwa akitunga sheria za kuwatengeneza Warumi wote katika mambo ya ndoa. Mwaka 18 K.K. alitoa sheria za kuwahimiza waoe na wazae. Wasiooa walizuiwa kupokea urithi kutoka kwa watu wasio jamaa zao wa karibu, na wazazi wenye watoto watatu walipewa heshima na nafuu. Uzinzi, ambao zamani ulihukumiwa nyumbani, ulifanywa kosa la kupelekwa mbele ya hakimu, na adhabu yake ilikuwa kunyang'anywa sehemu ya mali na kuhamishiwa kisiwani. Mwaka 9 B.K. sheria nyingine iliongezwa, ikaitwa kwa majina ya makonsuli wawili wa mwaka huo, Papius na Poppaeus. Mwandishi Cassius Dio, aliyeandika historia ya Roma, atuambia kwamba makonsuli hao wote wawili hawakuwa na mke wala mtoto!

Shabaha ya sheria hizo haikuwa mbaya. Lakini wahenga wetu wasema: mganga hajigangi. Aliyewakataza watu uzinzi, hata rafiki zake hawakukana kwamba yeye mwenyewe aliutenda. Aliyewasifu waliotulia katika ndoa, ndiye aliyevunja ndoa ya Agrippa na ndoa ya Tiberius. Watu waliisikia amri yake kwa masikio, na mwenendo wake wakauona kwa macho.

Tarehe 5 Februari mwaka 2 K.K. Seneti na watu wa Roma walimpa Augustus jina kubwa kuliko yote: Baba wa Nchi. Twasoma kwamba alilipokea kwa machozi ya furaha. Haukupita mwaka huo kabla hajaletewa habari kwamba Julia, binti yake, anashitakiwa uzinzi na wanaume kadhaa. Mmoja wao alikuwa Iullus Antonius, mwana wa Antonius, yule yule aliyelelewa na Octavia. Maneno ya Julia ya kujitetea hayakutufikia. Tunayo maneno ya wengine tu. Baba yake hakumwita faraghani. Alipeleka barua ikasomwa mbele ya Seneti, naye akajificha kwa aibu siku nyingi. Iullus alilipa kwa uhai wake. Julia alipelekwa Pandateria, kisiwa kidogo baharini, akanyimwa divai, wala mwanamume yeyote hakuruhusiwa kumkaribia pasipo idhini ya Augustus. Talaka ya Tiberius iliandikwa na Augustus kwa jina la Tiberius, bila kumwuliza mwenyewe. Tiberius alipopata habari aliandika barua kumwombea mke yule aliyekosana naye.

Mtu mmoja alimfuata Julia kisiwani kwa hiari yake: Scribonia, mama yake, aliyepewa talaka siku ile alipomzaa. Baada ya miaka mitano Julia aliruhusiwa kukaa Rhegium, mji wa bara. Raia wa Roma walimwomba Augustus mara nyingi amsamehe, naye akakataa katakata.

Kiti chamwendea asiyetakiwa

Tumaini la Augustus lilikuwa sasa kwa wale vijana wawili. Mwaka 2 B.K. Lucius, mwenye miaka 18, alikufa huko Massilia akiwa njiani kwenda Hispania. Mwaka 4 B.K. Gaius, mwenye miaka 23, alikufa huko Limyra katika Asia Ndogo kwa jeraha alilolipata Armenia. Katika miezi 18 mzee aliwapoteza wote wawili.

Katika mwaka huo huo wa 4 B.K. alimfanya Tiberius mwanawe, pamoja na Agrippa Postumus, mjukuu wake wa mwisho. Tiberius, mtu wa miaka 44 mwenye mwana wake mwenyewe, aliamriwa kumfanya mwana pia mpwa wake Germanicus, ili kiti kije kuwarudia watu wa damu ya dada yake Augustus. Lakini Postumus alionekana mkali na mgumu, akahamishiwa kisiwa cha Planasia. Mwaka 8 B.K. Julia mdogo naye alihukumiwa kwa uzinzi kama mama yake, akapelekwa kisiwani, akakaa huko miaka 20 mpaka kufa kwake. Mtoto aliyemzaa baada ya hukumu, babu alikataza asilelewe. Twasoma kwamba Augustus, akiwataja Postumus na akina Julia wawili, aliwaita majipu yake na donda zake.

Alikufa Nola tarehe 19 Agosti mwaka 14 B.K., mwenye umri wa miaka 75, mikononi mwa Livia. Wasia wake ulikuwa umewekwa kwa mabikira wa hekalu la Vesta. Ulipofunguliwa, maneno yake ya kwanza yalikuwa ya msiba: kwa kuwa ameondolewa Gaius na Lucius, basi Tiberius awe mrithi wa theluthi mbili, na Livia wa theluthi moja. Mtu aliyetawala miaka 44 baada ya Actium alimtangaza mrithi wake kama mtu asemaye: sina mwingine. Katika maagizo yake alikataza pia akina Julia wasizikwe katika kaburi la jamaa. Mwaka huo huo Postumus aliuawa, na Julia akafa Rhegium kwa dhiki na kukosa chakula, maana Tiberius alimkatia hata posho ndogo aliyoachiwa.

Tiberius ndiye aliyekuwa Kaisari wakati Bwana wetu aliposulibiwa. Baada yake, mwaka 37, alifuata Caligula, kitukuu wa Augustus kwa upande wa Julia. Akauawa mwaka 41. Ndipo askari walipomtwaa Claudius, mjukuu wa Livia na wa Octavia. Huyo tangu utoto alikuwa dhaifu wa miguu, na jamaa yake walimwonea haya. Augustus aliandika barua kwa Livia wakishauriana wamfanyeje asiwaaibishe mbele ya watu, na katika wasia alimweka daraja la tatu, karibu na watu baki. Lakini aliyefichwa ndiye aliyetawala miaka 13. Wa mwisho alikuwa Nero, kilembwe cha Augustus, aliyejiua mwaka 68. Kwa kifo chake ukoo wa Augustus ulikoma katika kiti cha Roma.

Yatupasayo sisi

Pengine msomaji atasema: Augustus alikuwa na milki, nasi tuna shamba na mbuzi wachache, yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu kosa lake halihitaji milki. Baba aliye na binti mmoja na ng'ombe watatu aweza kulitenda sawasawa naye. Augustus hakukosa upendo kwa watoto wake, wala hakuwaacha walelewe na upepo. Kosa lake lilikuwa kuwahesabu kama mali ya shauri lake. Julia hakuulizwa hata mara moja anampenda nani. Tiberius hakuulizwa kama yu tayari kumwacha mkewe. Kila mmoja aliwekwa mahali palipofaa nyumba ya Kaisari, na mmoja baada ya mwingine akavunjika mahali hapo.

Kwa hiyo twawasihi wazazi wenye mabinti na wavulana waliofikia umri wa kuoana. Kanisa lafundisha kwamba ndoa hufungwa kwa hiari ya hao wawili, na kwamba anayelazimishwa hafungi ndoa, hata wazee wa pande zote wakiwa wamekwisha kupeana mikono. Mzazi ana haki ya kushauri na ana wajibu wa kuonya, bali kuitikia ni kwa mwana mwenyewe. Posa inapoletwa, na waulize kwanza yule atakayeishi katika nyumba hiyo, kabla ya kuhesabu mahari na kabla ya kutazama ukubwa wa ukoo wa mchumba.

Twawasihi pia wasimdharau mtoto dhaifu, kilema au mzito wa kusema, wakampa mafundisho na urithi yule tu aliye mwepesi. Hatujui nani atakayebaki kuutunza uzee wetu. Na mtoto aliyekosa, hata akiwa amekosa vibaya, aitwe kwanza ndani ya nyumba na baba yake, kabla ya mambo yake kutangazwa mbele ya baraza. Augustus alikuwa na uwezo wa kumsamehe Julia kila siku kwa muda wa miaka 15, wala hakuna aliyemzuia. Aliyevuka bahari kwenda kukaa na binti huyo ni mama aliyekuwa amefukuzwa nyumbani siku ya kumzaa.